Maneno ya machimboni: Asili na maana yake, kutoka ‘crusher’ hadi karasha

MGENI anayefika kwa mara ya kwanza katika machimbo ya Rwamgasa au Nyarugusu mkoani Geita, au Kakola mkoani Shinyanga, husikia Kiswahili ambacho hakukisoma shuleni. Anaweza kuambiwa kwamba mwenye duara amepeleka mbale karasha, akachenjua, akaondoka na dhahabu yake, na marudio yakabaki kwa mwenye mwalo. Hakuna neno gumu la kitaalamu katika maelezo hayo, lakini msomaji wa Dar es Salaam au Dodoma atahitaji mkalimani.

Kwa mchimbaji mdogo, kuelewa maelezo hayo si jambo la kujifurahisha. Ndani yake mna habari ya nani aliyemiliki shimo, nani aliyesaga mawe, na, jambo lililo kubwa kuliko yote, nani aliyebaki na sehemu ya dhahabu ambayo haikuonekana kwa macho. Asiyejua maana ya neno marudio anaweza kuuza jasho lake bila kujua kwamba ameliuza.

Lugha ya machimboni katika ukanda huu imejengwa kwa maneno ya Kiingereza yaliyobadilishwa sura, maneno ya Kiarabu na Kihindi yaliyokuja na biashara, na maneno ya kawaida ya Kiswahili yaliyopewa kazi mpya. Kila kundi lina historia yake.

Kiingereza kilivyobadilishwa sura

Uchimbaji wa dhahabu kwa mitambo ulianza nchini wakati wa utawala wa Wajerumani, hasa katika mgodi wa Sekenke, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia utawala wa Tanganyika ulipita mikononi mwa Waingereza, na katika miaka ya 1930 mgodi mkubwa ukafunguliwa Geita, ukafanya kazi hadi mwaka 1966. Upande wa Shinyanga, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Katika migodi hiyo wenyeji walifanya kazi chini ya wasimamizi waliotaja zana zao kwa Kiingereza.

Wachimbaji hawakuyachukua maneno hayo jinsi yalivyo. Neno la Kiingereza “crusher”, yaani mashine ya kuvunja mawe, linaanza kwa konsonanti mbili zilizoshikana. Mzungumzaji akapachika irabu kati yake, akamaliza neno kwa irabu nyingine, akapata karasha. Kisha akaliingiza katika ngeli ya wingi wa “ma”, kama vile shoka na mashoka, likawa makarasha. Maana nayo ilipanuka. Leo karasha ni jina la mashine ya kusagia mawe yenye dhahabu hata kama mashine yenyewe ni pipa linalozunguka likiwa na vyuma ndani yake, ambalo fundi wa Uingereza asingeliita “crusher”. Aidha, mtu akisema anakwenda karasha, anataja mahali, sawa na anayesema anakwenda mashine kusaga mahindi.

Njia hiyohiyo ilizaa timba na matimba, kutoka “timber”, yaani magogo yanayopangwa ndani ya shimo kuzuia kuta zisiporomoke. Broka, kutoka “broker”, ni mnunuzi wa kati wa madini. Bikoni, kutoka “beacon”, ni alama ya mpaka inayosimikwa kwenye pembe za eneo lenye leseni. Kompresa ni mashine inayosukuma hewa kuendesha vifaa vya kutobolea mwamba.

Rashi nalo limetoka katika neno la Kiingereza “rush”, yaani kukimbilia. Katika Kanda ya Ziwa, rashi ni habari ya dhahabu mpya, umati unaoifuata habari hiyo, na mahali umati huo unapopiga kambi. Rashi ikitokea, huja wachimbaji, mabroka, mama lishe, wauza maji, mafundi wa jenereta na wauza mitumba. Wasukuma, Wazinza, Waha, Wakurya na watu wa makabila mengine hukutana katika kambi moja, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa sababu hiyo maneno husafiri kwa kasi. Neno lililozaliwa katika kambi moja laweza kusikika katika wilaya nyingine kabla ya mvua inayofuata.

Mfano wa kale zaidi wa namna hii hautoki migodini bali katika mashamba ya mkonge. Wakati wa ukoloni, vibarua wa mkataba waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali kwenda Tanga na Morogoro waliandikishwa kwa namba. Kutoka katika neno hilo, ambalo asili yake ni “number” la Kiingereza, wakaitwa manamba. Jina lilidumu kwa sababu lilieleza bila kuficha jinsi mtu alivyogeuzwa kuwa tarakimu. Maneno ya mtaani huishi muda mrefu yanapotaja ukweli ambao karatasi rasmi hazikuutaja.

Kiingereza nacho kilizaliwa machimboni

Wapo wanaodhani kwamba lugha ya machimboni ni Kiswahili kilichoharibika. Historia ya Kiingereza chenyewe inaonyesha vinginevyo, kwa kuwa misemo mingi inayotumika leo katika ofisi za London na New York ilitoka midomoni mwa wachimba dhahabu.

Dhahabu ilipogunduliwa California, Marekani, Januari 1848, maelfu ya watu walimiminika huko mwaka uliofuata, hata wakapewa jina la “forty-niners”, yaani watu wa mwaka 49. Chombo chao kikuu kilikuwa sahani pana ya chuma iliyoitwa “pan”, ambayo walijaza mchanga na maji, wakaizungusha hadi mchanga mwepesi umwagike na dhahabu, ambayo ni nzito, ibaki chini. Kutokana na kazi hiyo Kiingereza kilipata msemo “to pan out”, wenye maana ya jambo kuleta matokeo. Mwingereza anayesema leo kwamba mpango wa biashara “haukupani” anazungumza, bila kujua, kama mtu aliyechutama mtoni.

Udongo uliokuwa na dhahabu ya kutosha kulipa gharama uliitwa “pay dirt”, na sasa msemo huo hutumika kwa mtu yeyote aliyefikia alichokuwa akikitafuta. “To stake a claim” ulikuwa kukita vigingi ardhini ili kutangaza kwamba eneo lina mwenyewe, kazi ileile ambayo mwenye leseni wa Geita huifanya kwa bikoni. “Bonanza”, ambalo sasa hupamba matangazo ya bahati nasibu na mashindano ya michezo hata hapa nchini, ni neno la Kihispania lenye maana ya bahari tulivu. Wachimbaji wa Mexico walilitumia kwa mwamba uliotoa mali nyingi, na Wamarekani wakalichukua kwao. “Acid test”, yaani jaribio lisilo na shaka, linatokana na desturi ya kupima dhahabu kwa tindikali ya naitriki, ambayo huyeyusha madini mengi ya bei ndogo lakini haiiyeyushi dhahabu.

Hata hivyo, si kila msemo unaonukia dhahabu umetoka kwenye dhahabu. “Flash in the pan”, unaotumika kwa mafanikio ya muda mfupi yasiyo na mwendelezo, hudhaniwa na wengi kuwa unahusu chembe iliyong’aa katika sahani ya mchimbaji. Asili yake ni bunduki za zamani za gumegume. Baruti iliyowekwa katika kijisahani cha pembeni iliwaka, lakini moto usipoifikia baruti ya ndani risasi haikutoka, na mpigaji aliambulia mwanga na moshi. Huo ni mfano mzuri wa tahadhari inayohitajika katika kutafuta asili ya maneno, kwamba maelezo yanayovutia zaidi si lazima yawe ya kweli.

Sahani hiyo ya California ina ndugu yake Geita. Ni karai, chombo kilekile cha mafundi wa ujenzi. Neno hili halikutoka Uingereza. Asili yake ni Kihindi, ambako hutaja kikaango kipana cha chuma, na lilikuja Afrika Mashariki pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi.

Biashara ilikuja na Kiarabu

Ukiacha zana na kutazama mali yenyewe, Kiingereza kinapungua na Kiarabu kinaonekana. Dhahabu, almasi na madini yana asili ya Kiarabu, na zebaki pia. Karati, kipimo cha usafi wa dhahabu ambacho ukamilifu wake ni 24, lilipitia Kiarabu kutoka Kigiriki, ambako lilitaja mbegu ya mti wa karobu iliyotumika zamani kama jiwe la mizani. Duara nalo ni la asili ya Kiarabu. Kwa mwanafunzi wa hisabati ni umbo la mviringo. Kwa mchimbaji ni shimo, kwa kuwa mdomo wa shimo ulifanana na umbo hilo, na sasa hata shimo la pembe nne huitwa duara.

Maneno yaliyobaki ni ya Kibantu. Kuchimba, mgodi, mwamba, kutwanga, na kifusi, udongo ulioporomoka ambao mchimbaji huuogopa kuliko kitu kingine, ni maneno ambayo hayakuhitaji mgeni kuyaleta.

Machimbo mengine ya ukanda huu yana mifano inayofanana. Mererani mkoani Manyara, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, wachimbaji huitwa wanaapolo, jina linalohusishwa na vyombo vya Marekani vya Apollo, kimoja kati yake kikiwa kile kilichowafikisha binadamu mwezini Julai 1969. Waliofananishwa nao walisafiri upande wa pili, kwenda chini ya ardhi. Katika mji wa Kamituga, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu huitwa “mamans twangeuses”. Shina la jina hilo ni kitenzi cha Kiswahili kutwanga, na mwisho wake ni wa Kifaransa. Mashine za kusaga zilipoenea huko katika muongo wa 2010, walioitwa kwa jina hilo waliona kazi iliyowapa jina ikiwatoka mikononi.

Maneno ya mgawo

Ndani ya machimbo, maneno yenye uzito zaidi ni yale yanayotaja nafasi ya mtu katika mgawo. Juu kabisa yupo mwenye leseni, ambaye jina lake limo katika karatasi ya Serikali. Leseni ndogo ya uchimbaji ni haki ya raia wa Tanzania, na mara nyingi hutajwa kwa herufi zake tatu za Kiingereza, PML. Baada yake yupo mwenye duara, ambaye hana leseni lakini amegharimia shimo: amelipa chakula, matimba, kamba, mafuta ya jenereta na baruti. Chini yake wapo wachimbaji wanaoshuka.

Wengi wa wanaoshuka hawalipwi mshahara. Wanacholipwa ni mbale, yaani mawe yanayoaminika kuwa na dhahabu, ambayo hujazwa katika mifuko na kugawanywa kwa makubaliano. Hapo mchimbaji hubeba hatari mara mbili. Anaweza kufanya kazi kwa wiki kadhaa bila kufikia mwamba wenye mali, na hata anapopata mfuko wake hajui kilichomo mpaka mawe yasagwe.

Mbale hupelekwa mwaloni. Katika Ziwa Victoria, mwalo ni ufuko ambako mitumbwi hutia nanga na samaki hupimwa na kuuzwa. Machimboni, mwalo ni mahali pa kusagia, kuoshea na kuchenjulia dhahabu. Mahali pote pawili panafanana kwa jambo moja: ndipo mali inapoonekana kwa mara ya kwanza, na ndipo wanunuzi wanapongoja.

Mawe yakisagwa huwa unga, unga huoshwa juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa kitambaa au gunia, na kinachonaswa huchanganywa na zebaki ili ishike dhahabu. Njia hiyo ni rahisi, lakini mara nyingi huacha zaidi ya nusu ya dhahabu ndani ya mchanga uliooshwa. Mchanga huo ndio unaoitwa marudio, kutoka kurudia, kwa kuwa unaweza kuchenjuliwa mara nyingine.

Hapa ndipo neno moja linapogeuka fedha. Katika mialo mingi, marudio hubaki kwa mwenye mwalo au mwenye karasha, kama sehemu ya malipo ya huduma. Yeye huyakusanya hadi yawe mlima, kisha huyapeleka kwenye vati, kutoka “vat” la Kiingereza, yaani tangi kubwa ambamo mchanga hulowekwa katika maji yenye sayanaidi. Mbinu ya kuyeyusha dhahabu kwa sayanaidi ilibuniwa Scotland mwaka 1887, na kwa mchanga uliosagwa vizuri hutoa dhahabu nyingi kuliko zebaki. Dhahabu iliyoyeyuka hunaswa na kaboni, na kaboni hupelekwa katika mtambo mwingine ili dhahabu itolewe.

Aliyechimba huwa ameondoka zamani. Kwake yeye, “marudio” yalisikika kama takataka ya kazi iliyokwisha. Kwa mwenye vati, neno hilohilo lilikuwa na maana ya mtaji. Wote wawili walizungumza Kiswahili kimoja, lakini mmoja tu ndiye aliyejua neno linataja nini.

Maneno ya uhai

Yapo maneno ambayo gharama yake si fedha. Timba ni mojawapo. Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama. Watano kati yao walitolewa wakiwa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi, na mmoja wao alifariki dunia baadaye. Januari 2017, watu 15 walinaswa katika mgodi mmoja huko Nyarugusu. Waliwasiliana na waokoaji kwa ujumbe ulioandikwa kwenye karatasi, na wote wakatolewa salama. Agosti 2025, watu 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa mkoani Shinyanga, na wengi wao hawakutolewa wakiwa hai. Shimo linapodidimia bila nguzo, au mashimo mawili yanapochimbwa karibu mno, kifusi hakichagui kati ya mwenye uzoefu na mgeni wa jana.

Zebaki huua kwa utaratibu zaidi. Mchimbaji anapochoma donge la zebaki na dhahabu, zebaki hugeuka mvuke, na mvuke huo ukivutwa huathiri ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, na hasira huja bila sababu. Kiingereza kina msemo wa kale, “mad as a hatter”, yaani mwenye wazimu kama mtengeneza kofia. Wengi huuhusisha na mafundi wa kofia wa Ulaya waliotumia chumvi za zebaki kulainisha manyoya, na ambao walijulikana kwa kutetemeka. Msemo huo ulikuwapo kabla ya mwaka 1865, kilipochapishwa kitabu cha Lewis Carroll kuhusu Alice kilichompa mtengeneza kofia umaarufu.

Katika miaka ya 2000, Rwamgasa ilikuwa moja ya maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaobeba jina la mji wa Japani ambako zebaki iliyotupwa baharini na kiwanda iliwadhuru maelfu ya watu waliokula samaki. Hata hivyo, donge lingali likichomwa, mara nyingine katika karai la nyumbani, karibu na watoto.

Maneno ya wakubwa

Migodi mikubwa nayo imeongeza msamiati. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Pamoja nayo wananchi walizoea kusikia mrabaha, malipo ambayo mchimbaji huilipa Serikali kwa kutoa madini. Kiingereza huyaita “royalty”, kwa kuwa zamani yalikuwa haki ya mfalme. Kiswahili kilichagua neno lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu faida. Kwa dhahabu, kiwango chake kilipanda kutoka asilimia 3 hadi 4 kwa sheria ya mwaka 2010, kisha hadi asilimia 6 mwaka 2017.

Mwaka huohuo wa 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia. Bulyanhulu na Buzwagi zilikuwa zikisafirisha nje mchanganyiko wa unga wenye dhahabu, fedha na shaba ili ukayeyushwe huko. Kwa miaka mingi magazeti na wananchi waliuita mchanga wa dhahabu. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji huo, na makontena 277 yakachunguzwa na kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, ambayo iliwasilisha taarifa yake Mei 24.

Asili ya neno lenyewe inavutia. Kiingereza huita mchanganyiko huo “concentrate”, neno ambalo pia lina maana ya kuelekeza akili mahali pamoja. Kiswahili kina makini na kumakinika kwa maana hiyo ya akili. Watunzi wa istilahi wakafuata njia ileile ya Kiingereza kutoka kwenye akili hadi kwenye madini, wakapata makinikia. Badiliko hilo halikuwa la sauti tu. Kinachoitwa mchanga hakimshtui mtu kikipakiwa katika meli. Kilichopewa jina lake cha kwanza kuulizwa ni thamani yake. Mabishano kati ya Serikali na wawekezaji yalimalizwa kwa makubaliano yaliyozaa kampuni ya Twiga Minerals, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16.

Wakazi wa Geita wana neno lao, magwangala, yaani mawe ambayo mgodi mkubwa huyatupa kwa kuwa dhahabu yake haitoshi kulipa gharama za mitambo yake. Mwenye nyundo na kinu huyaona kwa jicho jingine. Mwaka 2016, Rais John Magufuli aliagiza wananchi wa Geita wapewe mawe hayo, na neno la mtaani likaingia katika hotuba za viongozi na vikao vya Serikali. Kilichokuwa taka kwa kampuni kilikuwa riziki kwa jirani yake, na mjadala wote ulihitaji neno ambalo halikuwa “taka”.

Neno linalomhukumu mtu

Lipo pia neno ambalo halina ugumu wowote wa kisarufi, lakini hubadilisha maisha. Mtu mwenye nyundo akiwa ndani ya eneo la leseni yake au ya mwenzake aliyemkubali, huitwa mchimbaji mdogo, mtu anayetajwa katika sera na bajeti. Akivuka bikoni kwa hatua kumi, akiwa na nyundo ileile, huitwa mvamizi. Mwaka 1996 maelfu ya wachimbaji wa Bulyanhulu waliondolewa katika eneo walilokuwa wakichimba kwa miaka mingi ili kupisha mgodi wa kampuni, na mabishano kuhusu haki zao yaliendelea muda mrefu baadaye. Katika mabishano ya aina hiyo, hoja ya kwanza huwa ni jina: yule aliyekuwapo mwanzo, bila karatasi, aitwe nani?

Mambo kadhaa yamebadilika. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 katika mauzo ya madini, na Machi mwaka huo soko la dhahabu likazinduliwa Geita. Broka ambaye zamani alinunua gizani, kwa mizani aliyoijua peke yake, sasa ana mahali pa wazi pa kufanyia biashara. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Lakini makubaliano mengi kati ya mwenye duara na wanaoshuka bado hufanywa kwa mdomo, jioni, kabla ya kazi kuanza. Lugha yake ndiyo hii ya mbale, matimba na marudio. Kamusi rasmi zinaweza kuchelewa kuyaandika maneno hayo. Anayetia mkono katika kamba kuteremka hawezi kuchelewa. Kabla ya kushuka inampasa kuuliza mambo matatu kwa majina yake: matimba yamewekwa na nani, mbale zitagawanywa vipi, na marudio yatabaki kwa nani.